Wiki ya Migahawa, New York

Mtaa wa 46, upande wa magharibi wa Manhattan, kati ya barabara ya nane na ya tisa, una migahawa mlango kwa mlango, kulia na kushoto. Nyumba zenyewe ni za matofali, za zamani, na nyingi zina ngazi fupi za kuteremka kwa sababu sakafu ya chini imezama nusu ardhini. Wenyeji wanapaita Restaurant Row. Nje ya milango pana visanduku vya kioo vyenye taa, na ndani yake imebandikwa menyu nzima pamoja na bei. Jioni watu husimama mbele ya visanduku hivyo wakasoma kwa utulivu, wakasogea mlango wa pili, wakasoma tena, kama wasomaji wa vichwa vya magazeti pale Posta, Dar, asubuhi. Hakuna anayewafukuza, wala mwenye mgahawa hatoki kuwavuta mkono.

Nilikuwa mjini humo mwezi wa saba, na katika majira hayo pembeni ya menyu ya kawaida hubandikwa karatasi ya pili. Hii ni fupi. Vianzio vitatu au vinne, uchague kimoja. Milo mikuu mitatu au minne, uchague mmoja. Vitindamlo viwili au vitatu, na chini kabisa bei moja ya vyote. Mji mzima unatumia viwango vitatu tu: dola 30, dola 45 au dola 60 kwa mtu. Kila mgahawa unajichagulia kiwango, na kwa kawaida chakula cha mchana kina sehemu mbili, cha usiku tatu. Hiyo ndiyo Wiki ya Migahawa ya New York. Hufanyika majira ya baridi, kuanzia Januari, na tena majira ya joto, kuanzia Julai, na mamia ya migahawa hushiriki, ya Manhattan, ya Brooklyn, ya Queens na kwingineko. Jina limebaki wiki, lakini siku hizi inakaribia mwezi mzima. Jumamosi haimo. Jumapili ni hiari ya mwenye mgahawa.

Ukiuliza kwa nini Jumamosi haimo, utakuwa umeuliza sababu ya shughuli nzima. Jumamosi meza hujaa zenyewe. Mwenye mgahawa wa Manhattan analipa kodi ya pango ya kutisha, analipa mpishi mkuu na wasaidizi wake, waosha vyombo na umeme wa viyoyozi, na hayo yote anayalipa meza ikiwa na watu au ikiwa tupu. Julai wenye fedha huondoka mjini kwenda kwenye fukwe za Long Island. Januari wamerudi, lakini Krismasi imemaliza mifuko na baridi imewafungia ndani. Sisi huku mwezi huo tumeupa jina la Njaanuari, na nilifurahi kujua kwamba hata mji wenye benki nyingi kiasi kile una Njaanuari yake. Tofauti ni namna ya kuipokea. Wao wakiona mwezi mkavu unakuja, wanashusha bei kwa tangazo, mgeni na mwenyeji, tajiri na mtu wa kipato cha kawaida wanasoma karatasi ileile. Kwetu pwani mwezi mgumu kwa mwenye mgahawa ni Ramadhani. Unguja wakati wa mchana migahawa ya wenyeji hufungwa kabisa, sufuria hufunikwa, na biashara husubiri magharibi. Magharibi ikiingia, uji, tambi, mihogo ya nazi, katlesi na sambusa hujaa barazani, na anayepita hukaribishwa futari bila kuulizwa ni nani. Kwa hiyo na sisi tunao msimu wa kufungulia watu chakula, ila kwetu msimu huo ni wa ibada, na chakula hicho cha barazani hakiuzwi.

Asili ya wiki yao ni ya kibiashara tangu siku ya kwanza, na hawaifichi. Mwaka 1992 Chama cha Democratic kilifanya mkutano wake mkuu New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mkutano uliomteua Bill Clinton kugombea urais. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mdororo wa uchumi, na sasa wajumbe na waandishi wa habari walikuwa wanamiminika mjini kwa maelfu. Watu wawili wakaona nafasi. Mmoja ni Joe Baum, mtu wa migahawa mikubwa: alikuwa nyuma ya Four Seasons, uliofunguliwa 1959, na baadaye Windows on the World, uliokuwa juu kabisa ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center. Wa pili ni Tim Zagat, ambaye pamoja na mkewe Nina alikuwa akichapisha kijitabu chembamba cha rangi ya damu ya mzee, chenye maksi za migahawa zilizotolewa na walaji wenyewe badala ya wataalamu. Wakashawishi migahawa yenye jina itoe chakula cha mchana cha sehemu tatu kwa dola 19.92, bei ifanane na mwaka. Ilikusudiwa iwe mara moja basi, wageni wale, waondoke na sifa nzuri za mji. Lakini waliojaa mezani walikuwa wenyeji pia, watu waliokuwa wakipita nje ya milango ile kila siku wakienda kazini. Mwaka uliofuata ikarudiwa kwa dola 19.93, kisha 19.94, na ikaendelea hivyo kwa muda, senti moja kila mwaka.

Hesabu hiyo ya senti moja imenikaa moyoni. Katika mji ambao kila kitu kinapanda, kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtu aliweza kujua bei yake ya mwaka ujao leo. Sasa bei hazifuati tena mwaka, na zimepanda kweli, lakini kanuni ile ya kujua kabla ya kuketi haijaguswa. Miji mingine ya Marekani ikaiga, Washington, Boston, Philadelphia na mingine mingi, kisha ikavuka bahari. Nairobi wanayo tangu 2014, iliyoanzishwa na EatOut, na wakazi wa huko wanaijua vizuri: bei moja, sehemu mbili au tatu, na simu ya kuweka nafasi mapema.

Aliyenipeleka mtaa ule wa 46 ni mwenyeji wangu, dada wa Tanga anayefanya kazi hospitalini. Yeye huingoja Wiki ya Migahawa kwa mpango. Orodha ikitoka hukaa nayo jioni nzima, akafungua menyu moja baada ya nyingine kwenye simu, akalinganisha bei ya kawaida na ya wiki. “Kaka, usidanganyike na jina la mgahawa,” alinieleza. “Tazama kwanza hicho chakula siku za kawaida wanakiuza ngapi. Kuna wengine ukijumlisha unakuta umeokoa dola tatu.” Akanionyesha pia penye ujanja wa jikoni. Kamba-koche hayumo kwenye karatasi fupi, na nyama ya steki ikiwemo, pembeni yake imeandikwa kwa maandishi madogo kwamba unaongeza dola kadhaa. Kuku yumo kila mahali. Samaki wa salmoni yumo kila mahali. Sikuona ubaya wake. Mpishi anayeshusha bei lazima atafute pa kuokolea, na kuku akiwa mikononi mwa mtu anayejua kazi si chakula cha kudharau.

Nafasi huwekwa mapema kwa simu au kwa programu. Unataja idadi yenu, siku na saa. Siku yenyewe inapofika, unapokea ujumbe unaokuuliza kama bado unakuja, na unajibu ndiyo au hapana kwa kubonyeza. Baadhi ya migahawa hudai namba ya kadi ya benki, ili usipotokea wakate faini. Nilipomwambia mwenyeji wangu kwamba kwetu kula hakuna miadi, mtu akisikia njaa anavuta benchi, akacheka akasema amesahau. Kisha akanieleza kwamba katika mgahawa wa meza thelathini, watu wa meza tano wasipotokea usiku mmoja, faida ya usiku huo imekwenda.

Tulipata nafasi ya saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa mtu wa Dar hiyo ni saa ya chai na maandazi, lakini mtaa ule uko jirani na kumbi za maigizo za Broadway, na migahawa yake hupanga usiku kwa kufuata pazia. Swali la kwanza kutoka kwa binti aliyesimama mlangoni nyuma ya kimeza kirefu lilikuwa kama tuna onyesho usiku ule. Ukijibu ndiyo, habari hupelekwa jikoni, na vyakula vinakuja kwa mwendo wa kukuwezesha kutoka kabla ya saa moja. Ukijibu hapana, wanakuacha. Nje jua lilikuwa bado kali. Julai huko linazama baada ya saa mbili usiku, na mwili uliozoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu, masika na kiangazi, haujui ufungue tumbo saa ngapi.

Kabla ya kuingia nilisimama tena mbele ya kioo, safari hii kwa ajili ya kadi kubwa yenye herufi A ya rangi ya buluu. Tangu 2010 Idara ya Afya ya mji inalazimisha kila mgahawa ubandike daraja lake mahali ambapo mpita njia ataliona kabla ya kuingia. Mkaguzi huja bila taarifa, hupima joto la jokofu, hutafuta dalili za panya, hutazama mikono ya wapishi, na kila kosa lina pointi. Pointi nyingi ndiyo aibu: zisizozidi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B ya kijani, na kuanzia 28 ni C. Bwana afya wetu naye hukagua, na cheti chake kipo, lakini mara nyingi kimetundikwa ndani, nyuma ya kaunta, juu ya kalenda. Mlaji wa Dar ana ukaguzi wake mwenyewe. Anatazama maji ya kuoshea sahani yana rangi gani, anatazama madereva wa bodaboda wamejazana kwa mama lishe yupi, halafu anaketi. Ni kipimo kizuri, ila kinamfaa anayepita kila siku. Mgeni wa mtaa hana muda wa kukijifunza, na ile A ya buluu imeandikwa kwa ajili yake.

Ndani palikuwa na giza la makusudi, mishumaa midogo, na meza zimesogezwa karibu kiasi kwamba ukinyoosha kiwiko unamgusa jirani. Mhudumu alijitambulisha kwa jina lake. Akamimina maji yenye barafu, ya bure, na glasi haikuachwa ishuke chini ya nusu usiku kucha. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa katika mgahawa wowote wa kwetu: kuna chakula chochote kinachotudhuru au ambacho hatuli? Mwenyeji wangu akasema hatuli nguruwe, na tungependa kujua kama kuna mvinyo katika mchuzi. Yule kijana hakukunja uso wala hakubahatisha. Alikwenda jikoni, akarudi, akaeleza sahani kwa sahani: supu ni salama, mchuzi wa kuku una mvinyo lakini mpishi anaweza kumtoa kuku kwa ndimu na siagi, keki ya chokoleti haina kitu. Nilithamini jibu hilo kuliko chakula chenyewe. Kwetu pwani huulizi, kwa kuwa unaamini aliyepika anakula unachokula. Mahali penye watu wa dini zote na wasio na dini, kuuliza na kujibu kwa ukweli ndiyo heshima yenyewe, na ile dakika aliyoitumia kwenda jikoni, katika jioni yenye watu wengi vile, si ndogo.

Jambo nililolikosa ni maji ya kunawa. Mkate ulikuja ukiwa wa moto, ndani ya kikapu, na siagi iliyonyunyiziwa chembe za chumvi, na watu wakaumega kwa mikono waliyoshikia vyuma vya treni ya chini ya ardhi. Hakuna aliyekuja na birika na beseni, wala hapakuwa na bomba kwenye kona. Anayetaka kunawa anashuka ngazi hadi msalani. Nilishuka. Kwa mama ntilie wa kibandani kabisa, mwenye mabati manne na viti vya plastiki, kwanza utapewa maji, mara nyingine ya vuguvugu, na mtoto wake atakushikia sabuni. Hilo New York, pamoja na jokofu zake zilizopimwa, haijatupita.

Kianzio changu kilikuwa supu ya mahindi mabichi, ya manjano, nzito, ikaletwa katika bakuli pana lenye kishimo katikati. Juu yake matone ya mafuta ya kijani na punje chache zilizochomwa. Ilikuwa tamu kwelikweli, na mahindi yale yana utamu wa sukari ambao mahindi yetu ya kuchoma hayana. Nikahesabu vijiko, havikufika kumi na viwili. Bakuli likaondolewa, meza ikapanguswa makombo kwa kifaa chembamba cha chuma kilichotoka mfukoni mwa mhudumu, uma na kisu vikabadilishwa, tukasubiri. Kuku akaja juu ya viazi vilivyopondwa, ngozi imekauka na kuita, pamoja na majani machache yaliyosimamishwa. Meza ikapanguswa tena. Tukasubiri tena. Keki ilikuwa ndogo, yenye chokoleti iliyoyeyuka tumboni.

Katika kule kusubiri nilifikiria sahani ya mama ntilie, na ndipo nilipoona kwamba nasi tuna mlo wa bei moja, wa mwaka mzima. Wali, maharage, mchicha, kipande cha nyama au samaki, kachumbari, pembeni ndizi mbivu au kipande cha tikiti. Kianzio, mlo na kitindamlo vyote vimekaa sahani moja na vimefika kwa mpigo, na bei inajulikana mtaa mzima. Walichokifanya wenzetu ni kuvitenganisha na kuweka muda kati yake, na muda huo ndio unaouzwa. Watu hawakuwa na haraka. Wazee wawili kulia kwangu walizungumza sauti ya chini bila kugusa simu. Mama mmoja alikula peke yake na kitabu kimefunguliwa kando ya sahani, akafunua kurasa kwa kidole cha mwisho kisichokuwa na mafuta, na hakuna aliyemwonea huruma. Dar mtu akila peke yake mahali pazuri vile, jirani atamuuliza kama anasubiri mtu.

Na bado, meza zimegusana, chakula kinatoa harufu, na hakuna anayesema karibu. Sahani yangu ilipotua, ulimi ulijiandaa wenyewe kumwambia mzee wa kulia, “Karibu.” Sikusema. Mwenyeji wangu aliona, akatabasamu. Alisema mwaka wake wa kwanza alikuwa akiwakaribisha wenzake kazini chumba cha chakula na wakadhani anawagawia kweli, mmoja akachukua uma. Ila mzee yule baadaye aliinama upande wetu akauliza supu ilikuwa ya nini, maana yeye alichagua saladi na sasa anajuta. Tukaongea kidogo. Yeye na mkewe huja mjini kwa treni kutoka New Jersey kila kiangazi kwa ajili ya wiki hii, wakachagua mgahawa ambao kwa bei ya kawaida wasingeuingia. Alisema hayo waziwazi, bila kushusha sauti. Kitu kilichonigusa ni hicho: karatasi ile fupi imeondoa aibu. Hakuna anayeficha kwamba amekuja kwa sababu bei imeshuka, kwa kuwa mji mzima umekuja kwa sababu hiyohiyo.

Mwenyeji wangu hakumaliza kuku wake. Mhudumu akauliza kama afunge kilichobaki, akarudi na boksi la karatasi ndani ya mfuko wenye mishikio, tarehe imeandikwa juu. Hapo nilijisikia nyumbani. Kubeba makombo ya harusi ndani ya kitambaa kwa ajili ya watoto waliobaki ni desturi tunayoijua, tofauti ni kwamba kule unafungiwa na mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya watu.

Kisha bili. Msomaji anayefikiria kwenda ayajue haya mapema. Dola 45 zilizoandikwa kwenye karatasi si dola 45 utakazolipa. Kodi ya mauzo ya mji ni asilimia 8.875, nayo haimo kwenye bei, inaongezwa mwishoni. Hiyo ni karibu dola 4. Halafu bakshishi, ambayo kwa desturi ni asilimia 18 hadi 20, yaani dola 9 hivi. Jumla ni dola 58 bila soda. Nimezoea Dar, VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei ya menyu, na risiti ya EFD inakuonyesha tu iligawanywa vipi. Bei niliyoisoma mlangoni ndiyo ninayoitoa mfukoni. Kwa mji uliojali kiasi kile kutangaza bei mapema, kuiacha kodi nje ni pungufu kubwa.

Bakshishi ni jambo zito zaidi, na sio la hiari kama tunavyoifahamu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara New York City kilikuwa dola 16.50 kwa saa, lakini mwenye mgahawa aliruhusiwa kisheria kumlipa mhudumu wa mezani dola 11 tu, kwa hesabu kwamba bakshishi za wateja zitajaza pengo; zisipojaza, ndipo mwajiri anatakiwa kuongeza. Kwa maneno mengine, mlaji ni mwajiri mwenza. Sasa iweke Wiki ya Migahawa juu ya hapo. Bei imeshuka, na bakshishi inayohesabiwa kwa asilimia imeshuka nayo. Lakini kazi imepanda: meza zimejaa, kila mtu ana sahani tatu za kuletewa na kuondolewa, na wageni wengi ni wa mara ya kwanza, wenye maswali kama yetu. Yule kijana aliyekwenda jikoni kuuliza habari za mvinyo alikuwa akitupunguzia bei kutoka mfukoni mwake bila yeye kuulizwa. Mwenyeji wangu ana kanuni: hukokotoa chakula kingegharimu kiasi gani siku za kawaida, akatoa asilimia 20 ya hiyo. Kwetu ilikuwa dola 70 kwa mtu, akatoa dola 14 badala ya 9. Nadhani hiyo ndiyo haki, na migahawa ingepaswa kuiandika kwenye karatasi ileile yenye bei.

Kesho yake mchana nilikula barabarani, kwa mmoja wa wachuuzi wa chakula cha halali waliojaa Manhattan. Kigari cha chuma, mwavuli, moshi, kuku aliyekatwakatwa juu ya wali wa manjano, saladi, mchuzi mweupe na pilipili nyekundu inayouma kweli. Kila kitu ndani ya kontena moja, bei imeandikwa ubavuni, hakuna nafasi ya kuweka wala mtu wa kujitambulisha. Wafanyakazi wa ofisi walipanga foleni na mafundi wa ujenzi. Vigari hivyo havimo kwenye Wiki ya Migahawa, na havihitaji kuwemo.

Niliporudi nilimsimulia haya shangazi yangu, anayepikia watu wa gereji Gerezani, Kariakoo. Alisikiliza huku anachambua mchele. Alitaka kujua mambo ya kazi: wali wanapika kwa mafuta gani, mwosha vyombo analipwa na nani, chakula kikibaki usiku kinakwenda wapi. Nilipofika kwenye bei akanikatiza.

“Ngoja, mwanangu. Yule anayekuja siku moja kwa mwaka ndiye anayepunguziwa. Na yule wa kila siku?”

“Wa kila siku analipa kamili, shangazi. Anaweza naye kuja wiki hiyo.”

“Mimi wa kila siku ndiye ninayemwongezea. Fundi akila hapa mwezi mzima, simhesabii upawa wa maharage. Januari anakula, naandika kwenye daftari, Februari analipa.”

Nikamwambia kwamba wenzetu wanatumaini yule wa siku moja atarudi Oktoba kwa bei kamili. Akauliza kama wanarudi. Nikamwambia mwenyeji wangu ana migahawa miwili ambayo aliifahamu kwa wiki hiyo na sasa huenda siku yake ya kuzaliwa. Shangazi akatikisa kichwa, hakukataa. Alisema basi hiyo inafaa mahoteli makubwa, kwa kuwa yeye hana mtu anayemwogopa mlangoni.

Hapo tulikubaliana. Njia yote ya kurudi nyumbani niliwaza mahoteli ya ufukweni kwetu, Masaki na Oysterbay, yenye mlinzi getini na ukuta mrefu, ambayo mwalimu wa Temeke au nesi wa Amana amepita mbele yake kwa miaka bila kujua sahani ya pweza ni shilingi ngapi mle ndani. Hazuiwi na mlinzi. Anazuiwa na kutojua, na hofu ya kuketi na watoto kisha kufungua menyu mbele yao. Wiki mbili za mwezi wa kwanza, wakati watalii wa Krismasi wameshaondoka na meza zinaangalia bahari peke yake, karatasi fupi ingetosha: vyakula vitatu, bei moja, VAT ndani, mtoto nusu bei, mahali pa kunawia mikono, na malipo ya mhudumu yasiyotegemea asilimia. Ibandikwe nje ya geti, upande wa barabara, mahali ambapo mtu aliye kwenye daladala anaweza kuisoma.